Kifundo Kikubwa Kina Wenyewe

Mpenzi wa redio za ridhaa akiwa Sumbawanga, la kwanza kujivunia ni mwinuko wa Ufipa. Mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika chini huku, Ziwa Rukwa chini kule: nani asimsikie? Maskini. Mawimbi mafupi yaendayo mbali hudundia angani, kilomita mia na zaidi kutoka ardhini. Mwinuko wake hata hayauoni.

Balaa lenyewe liko kwenye vidole. Katika masafa ya mita 40, yaani megahezi 7.0 hadi 7.2, ukikosea hezi mia mbili tatu tu, sauti ya mtu mzima hugeuka ya bata. Basi bwana huyu, leseni ya TCRA ukutani na jina la hewani linaloanza na 5H, anazungusha kifundo kikubwa amfuate mwenzake wa Dar es Salaam. Mwenzake naye, muungwana, anazungusha chake amfuate yeye. Muda si muda wote wawili wamehama, wametua katikati ya mazungumzo ya watu, wanauliza nani kawavamia!

Pembeni kuna kifundo kidogo, RIT, kinachosogeza usikivu peke yake na kuacha urushaji palepale. Kiliwekwa kwa ajili yao. Kimejaa vumbi.

Ya antena ndiyo usiseme. Mtu anarekebisha tyuna kwa wati 100 za mluzi juu ya maongezi ya wenzake, kisha anauliza kwa adabu kama hapo pana mtu.

Jamani, ulizeni kwanza, shusheni hadi wati 10, ndipo mpige mluzi.