Mtahini Asiyelipwa Mshahara: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Perimi

Mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayostahiki cheo chako, mimi mkazi wa Lusenda, katika teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini, abiria wa miaka mingi wa kiti cha nyuma cha pikipiki, naomba ruhusa nilete mbele yako shukrani ambazo zimechelewa kukufikia kwa sababu barabara ya kuzileta ilikuwa na matope.

Nakushukuru kwanza kwa imani. Wamepita watawala wengi duniani waliopendwa na raia wao, lakini ni wachache mno waliowaamini raia hao kama unavyomwamini wewe kijana wa huku kwetu, ambaye juzi alikuwa akiuza mawese kwa chupa kando ya barabara, jana shemeji yake akamnunulia pikipiki ya TVS, jioni akaizungusha katika uwanja wa mpira mpaka watoto wakachoka kumpigia makofi, na leo usiku, radi zikipiga juu ya milima, anaaminiwa kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kumpeleka hospitali ya Nundu. Mwalimu hapewi chaki mpaka aonyeshe diploma yake. Muuguzi hashiki sindano mpaka apite mikononi mwa wakubwa wake. Hata mhubiri, ambaye makosa yake hayatagunduliwa mpaka siku ya kiyama, hupelekwa chuoni kwanza. Motari peke yake ndiye aliyesamehewa adha ya kusoma, kwa hisani ambayo sijaiona ikitolewa kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa siasa.

Wapo watu wenye ndimi ndefu watakaosema kwamba hisani hiyo haimo katika sheria. Watakukumbusha Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyoweka kanuni za barabarani wakati nchi yetu ikiitwa Zaire. Mimi nawaomba waitazame sheria hiyo kwa jicho la huruma, kwani ilizaliwa zama ambazo pikipiki, kwa masimulizi ya wazee, ilikuwa chombo cha padri na cha mkaguzi wa shule, watu wawili wasiokuwa na haraka. Haikuweza kubashiri kwamba vita vingekuja vikaharibu njia na kuyafukuza mabasi, hata nchi nzima, tokea wagonjwa wake hadi magunia yake ya ndagala, ikapanda juu ya magurudumu mawili. Wala kwamba mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi wangevuka kwa maelfu, wakafunguliwa kambi hapa Lusenda, na hivyo abiria wakaongezeka upesi kuliko walivyoongezeka waendeshaji wanaoijua kazi.

Perimi zenyewe tunazo. Jirani yangu mmoja, ambaye jina lake nalificha kwa kuwa bado ana haja ya kupita barierini, aliipata ya kwake bila ya yeye kumwona mtahini wala mtahini kumwona yeye: ilisafiri picha yake, ikaenda pamoja na noti, ikarudi pamoja na muhuri. Perimi ile inamruhusu kuendesha pikipiki, gari dogo na lori, nami nasikitika tu kwamba hawakumwongezea na meli, ilhali ziwa liko karibu. Akisimamishwa njiani huulizwa perimi, huulizwa vinyeti, huulizwa asiransi. Zikikamilika zote tatu huulizwa kama amekula, na akikubali kwamba amekula, huulizwa kwa nini amekula peke yake. Sijapata kusikia akiulizwa kama breki zake zinashika.

Hata hivyo, Mheshimiwa, ingekuwa dhuluma kudai kwamba mtihani haupo. Upo, na mtahini wake tunamjua sote: ni Mvua. Huyu huingia kazini mwezi wa Septemba au Oktoba, hatoki mpaka Mei, na katika muda huo wote hajapata kuomba likizo, wala mshahara, wala matabishi. Hana kabila. Hampendelei mtoto wa mkubwa, hamwonei mkimbizi, na perimi haitazami, kwa kuwa hajui kusoma. Kwa insafu yake hiyo nathubutu kusema kwamba ndiye mtumishi pekee katika barabara ya kitaifa namba 5, baina ya Uvira na Baraka, ambaye hakuna kinywa kilichowahi kumtuhumu kwa rushwa. Dosari yake ni moja tu, kwamba hutangulia kutahini kabla mtu hajafundishwa, na anayeanguka kwake huanguka kweli.

Niwie radhi nikikueleza maswali yake, maana nadhani karatasi zake hazijafika mezani kwako. Swali la kwanza huja na manyunyu. Motari asiyefundishwa hudhani kwamba utelezi huzidi kadiri mvua inavyozidi, basi matone ya awali yakimpiga usoni huongeza mwendo ili ayakimbie. Kumbe saa ya hatari ni hiyo hiyo, ambapo vumbi jekundu limelowa juu tu, na chini yake ardhi ingali kavu na ngumu, tairi likakosa pa kuuma. Na kule mijini kwenye lami, mafuta yaliyodondoshwa na magari kiangazi chote huibuka yakaelea. Mwenye maarifa hupunguza mwendo mapema, au husimama chini ya kibaraza cha duka akangoja, jambo ambalo abiria wake humtukania uoga, na mimi mwenyewe nimo katika hao watukanaji.

Swali la pili ni la breki, na hapa vijana wetu wana madhehebu, tena yenye msimamo mkali. Wengi wamepokea kutoka kwa waliowatangulia kwamba breki ya mbele ni mauti, kwamba humrusha mtu juu ya usukani. Kwa hiyo hulegeza waya wake ukabaki pambo, wakategemea breki ya nyuma peke yake, ambayo huikanyaga kwa mguu mzima pale mbuzi anapokatiza. Gurudumu la nyuma hujifunga, pikipiki hugeuka ubavu, na abiria aliyekuwa akielekea Baraka hujikuta akiitazama Uvira. Haya yote yanafundishika katika asubuhi moja: kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na kwa sababu hiyo, penye ardhi imara, hata ikiwa imelowa, gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha, ilimradi mkono wa breki ubinywe taratibu wala usinyakuliwe, kwamba penye tope lenyewe mtu hushusha gia mapema, akaiachia injini kazi ya kumzuia, akazigusa breki kwa adabu huku usukani umenyooka, kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia baada ya kushika breki huzidi mara nne, nayo ardhi ikilowa huongezeka tena juu ya hapo. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hula mita 11 katika sekunde moja, na sekunde moja aghalabu ndiyo ipoteayo kabla mkono haujalitii jicho. Katika mita hizo 11, Mheshimiwa, siku ya soko, hukaa mama wanne au watano pamoja na mabeseni yao ya ndagala.

Sitakuchosha kwa swali la maji, ingawa ndilo linalotoa sifuri nyingi: dimbwi ambalo halisemi kina chake mpaka mtu ameingia, kijito ambacho asubuhi watoto walikuwa wakikivuka kwa miguu, na alasiri, mvua ikiwa imenyesha mlimani wala si hapa, kinavuta jiwe, daraja la mbao zilizolazwa kwa urefu, zilizopakwa tope na magurudumu ya wote waliotangulia, zenye upenyo baina yake unaolitosha tairi sawasawa. Na hata aliyevuka salama, breki zake zilizoingiwa na maji hazimshiki. Mjuzi huziburuza kidogo kidogo akienda pole mpaka zikauke, na asiyejua huipata habari hiyo kwenye mteremko unaofuata.

Lipo na swali la nyongeza, ambalo huulizwa sisi abiria. Tukiketi wawili nyuma ya dereva mmoja, na mtoto katikati, mvua ikaanza, yule wa mwisho hufungua mwavuli. Upepo wa ziwani hauhitaji zaidi ya hapo. Mwavuli huvuta nyuma, aliyeushika humvuta wa mbele yake, wa mbele yake humkaba dereva, na kitenge kilichokuwa kimefungwa kwa haraka huanza safari yake kuelekea kwenye mnyororo. Na kama nisemavyo, hakuna aliyetufundisha hata sisi kwamba mpanda nyuma naye huendesha, kwa uzito wake, kwa mikono yake, na kwa kukubali kwake kupakiwa kama alivyopakiwa.

Watu wa nchi nyingine, kwa mashaka yao, hawakufikia daraja yetu ya imani. Kule Kampala, mwaka 2014, ilianzishwa kampuni iitwayo SafeBoda, ambayo kabla ya kumpa mwendeshaji kofia ya rangi ya chungwa humfundisha kwanza kanuni za barabara na huduma ya kwanza kwa majeruhi, na humkabidhi pia kofia ya pili kwa ajili ya abiria, kana kwamba abiria naye ana kichwa. Wakubwa wa Bujumbura, kaskazini mwa ziwa letu, walipita njia fupi zaidi: mwezi wa Machi 2022 walizipiga marufuku pikipiki katikati ya mji, pamoja na baiskeli na bajaji, na watu wakatembea. Tunaomba usiige hilo la pili, kwa kuwa sisi hatuna katikati ya mji, tuna barabara tu.

Kuhusu kofia ngumu, nimesoma kwamba tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja zimeonyesha humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia zipatazo 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia zipatazo 69. Na Shirika la Afya Duniani, lililokadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, linasema kwamba Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko kwingineko kote kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Nami nafurahi kukuarifu kwamba katika kituo chetu kaske ipo. Ni moja. Huvaliwa na anayekwenda kupita barierini, akishapita humpa anayerudi, naye huirudisha kituoni kwa zamu yenye utaratibu ambao laiti ungetumika katika mambo mengine ya umma. Mkanda wake wa kidevuni ulikatika zamani, ukafungia mzigo wa kuni.

Kwa hiyo naleta maombi mawili, uchague. La kwanza ni kwamba Mvua athibitishwe rasmi kazini kwa barua yenye muhuri, apewe namba ya matrikule na nafasi katika orodha ya mishahara. Na mshahara wake ukicheleweshwa miezi kadhaa asione ajabu, atakuwa amejiunga na walimu. Vyeti vyake avitoe hospitalini, ambako hata sasa ndiko vinakopatikana.

La pili, ambalo nalitaja kwa kutimiza hesabu tu, ni kufundisha. Sisemi semina ya siku tatu yenye fulana, chai na picha ya pamoja, ambapo vijana wangekaririshwa maana ya taa nyekundu na taa ya kijani, ilhali tokea Lusenda hadi Fizi hatujaiona hata moja ya rangi yoyote. Nasema uwanja ule ule wa mpira, bidoni kadhaa za maji ya ziwa zikimwagwa upande mmoja mpaka udongo ulainike, mbao mbili zilizolazwa chini mahali pa daraja, matairi makuukuu ya kuzungukia, na motari mmoja mtu mzima aliyepita masika mengi bila ya kumwaga abiria, ambaye atalipwa ujira wa siku yake na kulishwa mchana. Kijana ashike breki pale mpaka ajue mkono wake una nguvu gani, aanguke akienda mwendo wa mtu mwenye kutembea, ainuke, acheke, arudie akiwa amempakia mwenzake, kisha arudie akiwa na gunia. Ndipo picha yake isafiri kuja kwako pamoja na noti, kwa maana noti hatuna nia ya kuiondoa katika utaratibu.

Ukiona vema kuthibitisha hali kwa macho, tunaomba mtahini wako aje mwezi wa Novemba, afike alasiri, mawingu yakiwa yamekwisha kukusanyika upande wa mlima, achague motari yeyote kwa kuangalia uzuri wa perimi yake, apande nyuma, waende Baraka. Kaske ya kituo tutamwazima kwa furaha, ila airudishe akishavuka bariera ya kwanza, kwani kuna watu wanaingoja. Nauli ni juu yake, na mvua ikinyesha huongezeka.

Wasalaam.

Abiria wa nyuma,
Lusenda