Sifa za Kihusishi cha Umahiri

Miongoni mwa vitu vinavyodharauliwa bila haki, kihusishi cha Kiingereza kinastahili kutangulizwa. Kihusishi ni neno linaloonyesha uhusiano wa neno moja na jingine, na utukufu wake huonekana zaidi kinapofuata kivumishi cha umahiri, yaani neno linaloeleza kwamba mtu ni hodari, stadi au bingwa. Kiswahili hulimaliza jambo hilo kwa wepesi usio na adabu, kwa kuwa mtu ni hodari wa kulima, wa hesabu na wa ngoma, na a-unganifu, yaani hiyo "wa", hubeba yote bila kunung'unika. Kiingereza hakikubali urahisi wa namna hiyo: ajuaye hesabu ni "good at", aliyefuzu useremala ni "skilled in", naye bingwa huweza kuwa "expert in", "expert at" au "expert on".

Fadhila ya kwanza ya kihusishi hiki ni uadilifu. Katika kata ya Sepuka, wilayani Ikungi, mtoto wa Kinyaturu huikuta lugha ya Kiswahili darasani, kisha afikapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamehamia kwenye Kiingereza, kwa kuwa uamuzi wa Tanzania wa 1967 wa kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia uliishia shule za msingi. Akiandika "good in Mathematics", kwa sababu Kiswahili humruhusu kusema pia hodari katika hesabu, kalamu nyekundu humfikia bila kuuliza kama kwao wanalimia trekta au jembe la mkono.

Fadhila ya pili ni usiri, kwani kihusishi hakitoi sababu za maamuzi yake. Kwa nini mjuzi wa hesabu awe "good at", ilhali msemaji fasaha wa lugha ni "fluent in", hakuna kanuni moja inayotosha kueleza, na mwalimu akibanwa hujibu kwamba ndivyo wenyewe wasemavyo. Hata hivyo kikibadilishwa, maana hubadilika papo hapo: "good with children" ni anayejua kukaa na watoto, "good to children" ni anayewatendea wema, na "good for children" ni kinachowafaa, mathalani uji wa ulezi.

Fadhila iliyo kuu ni kukomesha majivuno, maana anayejisifu kwamba ni "good in English" hukanushwa na sentensi yake mwenyewe kabla msikilizaji hajafungua kinywa. Mkulima wa Sepuka anayetazama mgongo wa kichwa cha alizeti, akauona umeacha ukijani na kuwa wa manjano, akajua kwamba mbegu zimekomaa, ni stadi asiye na shaka. Lakini akitakiwa kuueleza ustadi huo kwa Kiingereza, herufi mbili tu zinaweza kumfanya aonekane hajui kitu.

Kwa hiyo kihusishi hiki kisifiwe kwa kadiri ya usumbufu wake, na mwanafunzi akariri kila kivumishi pamoja na kihusishi chake, kwa kuwa njia nyingine ya uhakika haipo. Naye anayesahihisha akumbuke kwamba alama aliyoikata ni ya kihusishi, si ya umahiri.