Julai ya baridi: ziwani na kilimani

Ijumaa, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Basi dogo tulilolilipia jana limeondoka Mulungwishi kabla ya saa iliyotajwa, nasi hatumo. Tumepanda lori la makaa hadi Likasi, mimi, yaya na binti yake. Mablanketi yameshika weusi. Baridi ni kali: huku kwetu tuko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10.

Gari la Kapolowe limepasuka gurudumu njiani. Dereva hakuwa na jeki. Abiria wameliinua kwa mikono, mimi nikisukuma mawe chini yake. Tumefika ziwani jioni. Birika limebaki nyumbani, kwa hiyo chai imechemshiwa kwenye sufuria ya bukari.

Jumamosi, 1 Julai

Bahari iko mbali nasi, na ufuko tunaoupenda ni huu wa Tshangalele. Ziwa hili lilitokea Mto Lufira ulipozuiwa kule Mwadingusha, ambako mtambo wa umeme ulianza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba. Maji yalifunika mabonde mapana, ndiyo maana kina ni kidogo. Asubuhi mtumbwi wetu umekwama kwenye matope. Tumengoja hadi mvuvi mwingine alipokuja kutuvuta. Katika kungoja huko tumemwona furukombe akishuka na kuondoka na samaki, na minandi wakikausha mabawa juu ya nguzo. Binti ametaka kujua kama ndege hao huhama baridi ikija. Sikuwa na jibu.

Mchana paka amechukua samaki wa yaya moja kwa moja kutoka kwenye sahani. Tumekula bukari na sombe.

Ufukweni watu walikuwa wanavua kwa vyandarua, na ndani yake nimeona vidagaa visivyofikia urefu wa kidole. Sehemu ya bonde la Lufira inatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi tangu 1982. Samaki wa hapa huliwa Likasi na Lubumbashi. Wakivuliwa kabla ya kuzaa, mwaka ujao meza hizo zitakosa kitoweo. Nimemwambia hivyo mzee mmoja mwenye wavu. Amenijibu kwa upole kwamba watoto wake wanakula leo.

Dirisha la chumba halina kioo. Yaya amepata mafua.

Jumapili, 2 Julai

Tumerudi mapema ili tupite kwenye kilima cha shaba, upande wa Fungurume. Soli ya kiatu changu cha kushoto imeng'oka tukianza kupanda. Nimeifunga kwa kamba ya katani.

Hii ndiyo bustani yangu ya mimea. Udongo wenye shaba nyingi huua miti ya miombo, na mahali pake pakabaki nyasi na maua yaliyozoea sumu hiyo. Wataalamu wamehesabu zaidi ya spishi 500 kwenye vilima vya shaba vya Katanga, na baadhi yake hazioti popote pengine duniani. Haumaniastrum katangense, ua la zambarau, humea hata pale wafua shaba wa zamani walipoyeyushia mawe yao karne nyingi zilizopita, kwa sababu shaba ingali katika udongo. Wachimbaji wa baadaye walilitafuta hilohilo ili wajue pa kuchimba. Ua lililowaonyesha njia ndilo linaloondolewa kwanza mashine zinapofika.

Tumechelewa. Maua yamekwisha kukauka na nusu ya mteremko imeungua. Mtu amewasha moto wa nyasi juma hili. Binti amekanyaga majivu ya moto, ameungua kidogo kisigino. Yaya amempaka mafuta ya mawese. Juu, nje ya sehemu iliyoungua, mabua ya zambarau iliyofifia yamesimama na mbegu zake. Nimeyapiga picha mpaka simu ikazimika.

Kesho nitamwandikia mwalimu wa biolojia wa hapa Mulungwishi. Nitamwomba awalete wanafunzi wake kilimani mwezi wa Aprili, maua yakiwa mabichi, wahesabu kilichopo na kuandika majina.