Shangazi, Filta Yangu Ilikuwa ya Mwingine

Shangazi wa magazetini huandikiwa na waliotemwa, walioibiwa wapenzi na waliokopesha mashemeji pesa. Wiki hii mkoba wake umefika kutoka pande za Mwatate ukinuka tope. Barua karibu zote zinahusu matangi ya samaki ya mtumba, hasa filta zake. Si ajabu. Makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta yalihama Wundanyi yakaja Mwatate, na mji wenye ofisi ni mji wa watu kuhamishwa. Anayepewa barua ya uhamisho hapandi matatu ya Voi akiwa amepakata tangi la kioo la lita mia. Huliuza kwa jirani, pamoja na kila kilichokuwa ndani yake.

Barua ya kwanza imetiwa sahihi “Niliyeachiwa, Mwatate”. Mwandishi alinunua tangi na filta ya mkebe, ile inayokaa chini ya meza na kuvuta na kurudisha maji kwa mipira miwili. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameiweka stoo zaidi ya mwaka. Ndani imekauka, sponji imekakamaa, na kuta zake zimeota ukoko mweupe kama wa birika. Niliyeachiwa amenunua Omo, siki na Jik. Anataka kuvitia vyote kwenye karai moja, mambo yaishe mara moja.

Shangazi anamshika mkono kabla hajafungua chupa. Jik ni hipokloraiti ya sodiamu, na ikikutana na asidi, hata siki ya kachumbari, hutoa gesi ya klorini. Dawa nyingi za kusugulia choo nazo zina asidi, kwa hiyo zikae mbali pia. Gesi hiyo ndiyo Wajerumani waliyoifungulia upande wa maadui wao huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Mwaka huohuo Waingereza walikuwa wakitandaza reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Mwatate kwenda Maktau, ili wawakabili Wajerumani waliokuwa wameishika Taveta. Vita vilipita hapa bila gesi hiyo. Hakuna sababu ya mtu kuianzisha leo bafuni kwake.

Kisha anamuuliza swali ambalo, kwa kazi yake, amezoea kuwauliza wanaooa wajane na walioachika: huyu unayemchukua, ya nyuma yameisha au bado yanaendelea? Filta iliyokauka mwaka mzima yake yameisha. Bakteria wazuri walioishi kwenye sponji walikufa zamani, hakuna wa kuokolewa. Lakini kuvu, mabaki ya dawa na baadhi ya vijidudu vya maradhi huenda bado vimo. Hapo usafi unaruhusiwa kuwa mkali, mradi uende kwa utaratibu.

Omo inarudi dukani. Sabuni hunasa katika vitundu vya sponji na kutoka kidogo kidogo baadaye, na samaki hupumua kwa mashavu ambayo sabuni huyaharibu. Kazi inaanza na maji matupu na mswaki wa zamani: filta ivuliwe vipande vyote, tope litoke, mipira isuguliwe ndani kwa kamba yenye kitambaa. Mtu akiruka hatua hii, Jik itamaliza nguvu zake kwenye uchafu kabla ya kuwafikia vijidudu. Ukoko mweupe ni chokaa iliyoachwa na maji magumu, na hiyo ndiyo kazi ya siki. Vipande vyenye ukoko vilowekwe ndani yake saa kadhaa, pamoja na ile feni ndogo yenye sumaku inayosukuma maji. Wengi huisahau, ilhali ndiyo hulia kama nyuki kwa sababu ya chokaa. Visuguliwe, visuuzwe, kisha visuuzwe tena mpaka harufu ya siki iishe.

Jik ingoje siku ya pili. Iwe ya kawaida, isiyo na manukato wala povu, kipimo kimoja kwa maji vipimo ishirini hivi, kwa dakika kumi na tano au ishirini, madirisha yakiwa wazi. Kuloweka usiku kucha hakuongezi usafi. Kunakula mipira na vyuma. Baada ya hapo ni kusuuza sana, kuloweka katika maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki (nyingi zimetengenezwa kwa thaiosalfeti ya sodiamu), na kuanika mpaka kila kitu kikauke kabisa. Jua la Mwatate halina bili. Pua ndiyo mkaguzi wa mwisho: kikinuka Jik, kirudi majini.

Sponji ya zamani Shangazi anaitupa bila machozi, maana ni ya bei nafuu na klorini huganda humo. Makaa ya kuchujia nayo yatupwe. Yakishashiba hayafufuki kwa kuoshwa nyumbani, na makaa ya jiko si ndugu yake, hata kama muuzaji wa mtaani ataapa. Vipete vya kauri ndivyo vya kubaki. Hivyo vinaweza hata kuchemshwa. Plastiki isichemshwe, itapinda na mfuniko hautaziba tena. Na ule mpira wa duara unaozuia maji kuvuja upakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka ya petroli hulegeza baadhi ya mipira, na siku itakapoachia, maji yatakuwa sebuleni.

Barua ya pili ni fupi na ina haraka. “Mdogo wa Mtu, Mwatate” amepewa filta na dadake wa Voi. Inafanya kazi mpaka leo, maji yake safi, samaki wazima. Amesoma kwamba vitu vya mtumba lazima viuawe vijidudu, na tayari ameteleka sufuria.

Azime moto. Huyu yake bado yanaendelea, na ndiyo thamani yake. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Kundi moja la bakteria, wakiwemo Nitrosomonas, huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Kundi jingine, wakiwemo Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kukusanya bakteria wa kutosha, na katika wiki hizo ndipo wanunuzi wengi huwazika samaki wao wa kwanza wakimlaumu muuzaji. Filta hai inavusha kipindi hicho, ikiwa haitauawa njiani.

Kwa hiyo sponji na vipete visafiri kutoka Voi ndani ya ndoo yenye maji ya tangi la dada, vikiwa vimelowa, kifuniko kikiwa hakijabanwa, mbali na dirisha la jua. Vikifika vifungwe siku hiyohiyo. Vikionekana vichafu mno vikamuliwe mara mbili tatu kwenye maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya mfereji, kwa kuwa klorini inayowekwa majini kwa ajili ya binadamu haichagui bakteria. Shangazi ana sharti moja tu: dada awe mkweli. Kama kwake kuna samaki wenye madoa meupe, waliokonda ghafla au wenye vidonda, basi udugu ubaki kwenye simu, na filta ioshwe kama ya Niliyeachiwa.

Anaongeza habari ya stima, maana Mdogo wa Mtu hakuiuliza na itamkuta. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi. Filta ya mkebe ikizimika muda mrefu hivyo, bakteria waliofungiwa humo humaliza oksijeni na kuanza kufa, maji yakaoza. Stima inaporudi, pampu huyasukuma yote kwenye tangi. Ifunguliwe kwanza, maji yale yamwagwe, sponji ikamuliwe kwa maji ya tangi, ndipo iwashwe.

“Mume wa Mtu, Wundanyi” anashtaki kwamba mkewe amemfukuza jikoni. Alikuwa akiosha filta kwenye sufuria ya ugali. Kesi hii Shangazi anaiamua kwa sekunde mbili: mke ameshinda. Mume atenge karai na brashi visivyorudi jikoni, na avae glavu. Kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na kifua kikuu, anayeishi kwenye maji ya samaki na kuingia kwenye ngozi ya binadamu kupitia mkwaruzo. Huleta uvimbe mkaidi kwenye kidole au mkono, unaohitaji dawa kwa miezi. Isitoshe, ni sugu kidogo kwa klorini. Mwenye kidonda mkononi asiguse kazi hiyo, na akiona uvimbe usiopona amwambie daktari kwamba anafuga samaki. Daktari asiyeambiwa hilo anaweza kuhangaika muda mrefu. Halafu, kabla ya mkono kuingia majini, plagi itoke ukutani. Volti 240 hazijui ndoa.

Ya mwisho ni ya mwalimu wa Taveta ambaye hakujificha hata kwa jina la utani: amesaini “Mwalimu”. Shule imepewa tangi la mtumba lenye konokono na mimea, na anauliza kama wanafunzi wanaweza kwenda kusuuza kila kitu katika Ziwa Chala, maji ni mengi na ni bure.

Hapa Shangazi anaacha utani. Chala lina perege wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kiasili kwingine duniani. Kenya inajua gharama ya kuwaachia wageni majini: kamba wekundu wa Marekani waliletwa Naivasha mwaka 1970 na wakabadilisha ziwa, na mwaka 2020 konokono tufaha, jamii ambayo biashara ya matangi ya samaki imesaidia kuisambaza duniani, waligunduliwa kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Yai moja lililoganda chini ya kifuniko cha filta linatosha kuanza safari.

Mwalimu aoshee uwanjani, kwenye karai. Mimea asiyoitaka aikaushe na kuichoma. Maji machafu ya tangi yamwagwe kwenye udongo mbali na mfereji wa kumwagilia. Yana nitrati, na migomba haitalalamika. Maji ya Jik yaende kwenye choo cha shimo, wakati ambapo hakuna aliyetia humo dawa nyingine. Vifaa vianikwe juani wiki nzima, kisha darasa la sayansi lipewe mswaki na feni ile yenye sumaku, litafute chokaa imejificha wapi.