Hakuna Mboga, na Matembele Yamejaa Uani

Nasonya leo, msininunie. Haya maneno ya "nyumbani hakuna mboga" yamezidi. Juzi hapa hapa kijiweni, kahawa haijamaliza hata duru ya kwanza, kijana wetu mmoja anaaga, eti anapitia chipsi mayai kwa sababu kwake hakuna mboga. Nikamuuliza, hakuna kabisa? Akasema wapo dagaa, yapo matembele ya uani, na nazi moja. Ala! Sasa mboga unayoitafuta ni ipi, bwana mdogo?

Hali ni ngumu, silibishi. Mkaa na gesi tunavijua vinavyotukamua. Lakini kuna jambo jingine tunaliogopa kulisema: tumekidharau chakula chetu. Tumejiaminisha kwamba mlo ni nyama, kuku na wali, na vingine vyote ni dalili ya kuishiwa. Dagaa tumewafanya chakula cha tarehe za mwisho wa mwezi. Na ukishadharau kitu, unakipika kwa dharau. Unawatupa dagaa sufuriani na mchanga wao, nyanya moja, chumvi, basi. Watoto wakikunja uso unasema dagaa si watamu. Mnh! Umewapa nafasi ya kuwa watamu?

Dagaa wanataka mkono. Wamwage kwenye ungo, chambua, vichwa toa, vijiwe toa. Mwagia maji ya moto, kisha suuza mpaka usione mchanga chini ya bakuli. Wachuje wakauke. Weka mafuta kidogo kikaangoni, moto wa wastani, geuza bila kuondoka mpaka uwasikie wanagongana kwa mlio mkavu. Watoe pembeni. Sasa kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya mpaka nyanya iachie mafuta. Kama lipo embe bichi, katia vipande. Halipo, tia ukwaju. Nao haupo, kamulia ndimu. Dagaa warudi mwishoni, dakika chache tu, wasije wakalegea. Pilipili kwa anayeiweza. Weka na ugali wa dona hapo, halafu uje uniambie habari za chipsi. Na samaki huyo unamla na mifupa yake, kwa hiyo unapata na madini ya kalsiamu ambayo kwenye steki hutayaona.

Kisamvu nacho! Watu wanakisema vibaya kwa sababu wamekila kimepikwa na mtu mwenye haraka. Muhogo una sumu ya asili, sianidi, hata majani yake yanayo. Kuyatwanga kwenye kinu, kisha kuyachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ndiko kunakoitoa. Bibi zetu hawakuwa wanapoteza muda pale mekoni. Kikishaiva, tui jepesi la mkamuo wa pili ndilo linatangulia, linachemka nacho taratibu. Tui zito la kwanza unaliweka mwisho kabisa, moto mdogo, unakoroga lisikatike. Bara wasio na nazi wanatia karanga za kutwanga, na mimi, mtu wa nazi, nakiri cha karanga ni kitamu mno. Tena kuna faida ambayo haionekani kwa macho: vitamini A inayotokana na majani haya ya kijani mwili hauipokei vizuri pasipo mafuta. Tui na karanga vinafanya kazi hiyo.

Nikisikia mtu anasema chakula cha kawaida hakina ubunifu, nasonya tena. Tazameni nchi hii. Wapare wamechukua mahindi na maharage wakatupa makande. Wachagga na ndizi zao na nyama kidogo, mtori huo, hadi mzazi aliyetoka kujifungua anapewa. Kagera ndizi na maharage vinaivia sufuria moja. Kigoma wana mawese. Vuka mpaka uende Mombasa, asubuhi mtu anakula mbaazi za nazi kwa mahamri na hamwonei wivu mwenye soseji. Hao wote walianza na kilichokuwa karibu na jiko.

Na maharage, jamani, loweka usiku! Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, yataiva mapema na mkaa utabaki. Nyanya usiiweke kabla hayajalainika. Ukali wake unafanya yagome kuiva. Hilo ni jambo dogo ila linaokoa pesa kila wiki. Kiporo cha maharage kesho yake na chapati ni mlo kamili. Kiporo cha wali tu ndio nawasihi, msikiache sufuriani usiku kucha kwenye joto la Dar. Wali ukilala hivyo unaweza kuzaa sumu ambayo hata ukiupasha haiondoki.

Sasa nije kwetu wanaume, maana hapa ndipo panaponiuma. Kila siku ya Mungu mwanamke anasimama mlangoni anauliza tupike nini, na sisi tunajibu "chochote," kisha jioni tunafunua hotpoti na kuguna. Kupanga mlo ni kazi, tena ni kazi ya kichwa, na tumemwachia mtu mmoja. Asubuhi hii hii kila mmoja apite gengeni, aangalie kilichojaa kwa bei nafuu. Kama ni bilinganya na nyanya chungu, sawa. Kama kunde zimeingia, sawa. Kisha apige simu nyumbani ataje chakula kwa jina: mama fulani, leo kunde za nazi, nazi nanunua mimi na kukuna nakuna mimi. Na mbuzi ya nazi kama kwako imeota kutu, fundi yuko pale ng'ambo ya barabara, anainoa saa hii hii.