Daftari la Vilele na Maradhi Yake

Kumbukumbu ya vilele ni orodha ambayo mpanda milima huijaza kwa miaka mingi: mlima gani, urefu gani, siku gani, saa ngapi, na nani alikuwapo. Huanza na kaunta buku jipya lililopigwa mistari kwa rula, na maradhi yake huanza safari ya kwanza. Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ni mahali pazuri pa kuyachunguza maradhi hayo, kwa sababu mlima uko nyuma ya nyumba na hakuna anayeweza kusingizia nauli.

Miongoni mwa orodha zinazojulikana sana duniani ni ya Sir Hugh Munro, aliyechapisha mwaka 1891 majina ya vilele vya Scotland vinavyozidi futi 3,000, yaani kama mita 914. Munro alifariki mwaka 1919 bila kuimaliza orodha yake mwenyewe. Mchungaji A. E. Robertson alitambuliwa kuwa wa kwanza kuimaliza, mwaka 1901. Baadaye watu walizipekua shajara zake, wakaona kwamba mlima wa Ben Wyvis aliuacha njiani asije akalowa, na hawakuona mahali alipoandika kwamba alirudi. Mkazi wa Katesh akisikia hayo anaruhusiwa kucheka. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345, na Katesh yenyewe iko kwenye mita 1,700 hivi. Mama anayekwenda gengeni kununua nyanya amewapita wapanda milima wote wa Uingereza walioko kwao, tena akiwa na kandambili.

Safu ya kwanza, ya jina, haina matata makubwa, ila kwa wanaonakili kutoka ramani za Wajerumani, ambako Hanang inaitwa Gurui. Yupo wa kuihesabu milima miwili hapo, na akapewa hongera zote mbili.

Safu ya urefu ndiyo huanza kugombanisha watu. Hanang kwa kawaida hutajwa kuwa na mita 3,417, lakini zipo orodha zenye 3,418 na nyingine 3,420. Loolmalasin, kule nyanda za juu za Ngorongoro, ina 3,648 au 3,682 kutegemea kitabu kilichofunguliwa. Hata Kilimanjaro, ambao Hans Meyer alipoufikia kileleni mwaka 1889 alidhani unapita mita 6,000, ulikuja kushushwa hadi 5,895, na vipimo vya satelaiti vikaupunguza mita nyingine kama tatu. Aliyezoea kujumlisha urefu wa milima yake yote mwishoni mwa mwaka hujikuta amepoteza mita akiwa amekaa kwenye kochi. Lipo pia jambo ambalo wapandaji hawapendi kuulizwa. Anayeandika mita 3,417 amepanda nusu tu kwa miguu. Nusu nyingine alipandishwa na basi, naye alikuwa amesinzia.

Ila hakuna safu iliyoaibisha watu kama ya saa. Msafara wa Hanang huondoka Katesh alfajiri, na mwandishi, kwa mwanga wa tochi, huandika kama anavyosema: saa 11. Njia ya Jorodom ni kali, maji njiani hayategemewi, na saa nyingi baadaye anafika kileleni akiwa hana nguvu ya kukokotoa chochote. Anatazama simu, anaona 11:20, anaandika 11:20. Mlima umepandwa kwa dakika ishirini. Kushuka ni kubaya zaidi: simu inazima, anauliza wenzake, anaambiwa saa kumi na moja jioni, anaandika 11:00. Daftari sasa linaonyesha kwamba alirudi Katesh dakika ishirini kabla ya kufika juu. Miaka kumi baadaye mwanawe atalisoma hilo kwa sauti mbele ya wageni, na mzee atajitetea kwamba enzi zake miguu ilikuwa mepesi.

Kuhusu ushahidi, sheria isiyoandikwa inataka picha. Hanang ni volkano ya zamani ambayo kreta yake imebomoka upande mmoja, na kutoka Katesh mtu akishaukwea mgongo wa mlima hukutana kwanza na kilele bandia. Kilele chenyewe kiko mbele, baada ya mwendo mwingine mrefu juu ya mgongo huo huo, na mara nyingi wingu limekifunika. Wengi hupigia picha hapo kwenye bandia kwa nia njema kabisa. Wanaofika kwenyewe hawapati nafuu, kwani picha yao ni ya watu wanne mbele ya weupe mtupu, na shangazi aliyetumiwa huuliza mbona wamesimama ukutani. Shahidi wa kweli ni kijana mwongozaji, ambaye amefika juu mara nyingi kuliko wateja wake wote. Akiulizwa ni mara ngapi, hujibu, “Nyingi, kaka,” na kuendelea kufunga kamba za viatu.

Safu ya maoni huachwa wazi au huandikwa “safari nzuri”. Hapo watu hujinyima kitu cha maana. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliporomoka. Matope, mawe na magogo vikashukia Katesh na vijiji kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Daftari lililojaa “safari nzuri” halina la kumwambia mtu kuhusu mteremko ulivyokuwa kabla ya siku hiyo. Lenye maneno machache kuhusu korongo lililopanuka, au mti uliolala njiani, lina kitu cha kulinganisha. Urefu wa mlima utapatikana vitabuni hata mwandishi akilala, lakini korongo aliliona yeye.

Linabaki suala la utunzaji. Simu hubeba kila kitu hadi siku ya mnada, ambapo hubadilisha mwenyewe. Kaunta buku hudumu zaidi, ingawa kurasa za nyuma huazimwa kwa hesabu za darasa la nne na orodha ya wanaodaiwa kwenye kikoba. Likichakaa hunakiliwa kwenye jipya, na wakati wa kunakili saa saba huwa tano, manyunyu huwa gharika, na kilele bandia huwa kilele. Ndiyo maana la zamani halitupwi, hata kama limemwagikiwa chai na jalada limegeuzwa kifuniko cha sufuria.