Diski Isiyo na Ila

Huku Kericho, ambako karani wa kituo cha chai, akiona jani gumu limejipenyeza mahali pa majani mawili na chipukizi, hulitupa kwa dharau pasi na kusikiliza udhuru wa mchumaji, imo ofisi moja nisiyoitaja, yenye kompyuta ambayo diski yake hugonga ndani kwa ndani tangu asubuhi hadi alasiri. Bwana mkubwa, mtu wa hadhari, aliamuru ipimwe. Fundi akaendesha programu ya uchunguzi. Na diski, kwa kuwa katika utaratibu huo uitwao SMART yenyewe ndiyo shahidi na yenyewe ndiyo kadhi, ikajibu kwamba imefaulu. Cheti kikatayarishwa, kikahifadhiwa (ndani ya diski hiyo hiyo, naam).

Fundi, maskini, alijaribu kueleza kwamba hesabu ya sekta zilizohamishwa baada ya kuharibika ilikuwa ikipanda kila siku, na kwamba ile ya makosa ya njiani yamkini ilitokana na waya mbovu au kidhibiti, wala si diski. Akaambiwa asilete fitina. Basi wataalamu wa Google, waliochunguza diski zaidi ya 100,000 na kutangaza mwaka 2007 kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikutoa hata moja ya dalili nne zilizo nzito, bila shaka nao ni mafatani. Ombi la diski ya kuwekea nakala limeahirishwa hadi bajeti ijayo, maadamu cheti kipo.